Nilivyoingia mbio za Jumamosi usiku Bowman Gray, na yaliyonigharimu

Tangu picha za gari langu zianze kuzunguka kwenye WhatsApp ya Waswahili wa huku Greensboro na Winston-Salem, swali ninaloulizwa ni lilelile: mtu anaanzaje mbio za magari? Vijana wawili wamenipigia simu wakiwa wameshalipa arubuni ya gari. Nimewaomba wangoje kidogo, wasome haya kwanza. Mimi nilipanga kutumia dola 4,000. Msimu ulipokwisha nilikuwa nimetumia zaidi ya dola 10,000, nimevunjika kidole gumba, na mke wangu amepitisha wiki nzima bila kunisemesha ila salamu. Sijuti kuingia. Ninachojutia ni njia niliyopitia.

Kwa asiyeujua, Bowman Gray ni uwanja wa mji wa Winston-Salem, North Carolina. Njia yake ya lami ina urefu wa robo maili, yaani mita 400 hivi, sawa na njia ya riadha tuliyokimbilia shuleni. Katikati yake kuna uwanja wa futiboli ya Kimarekani, ambao timu ya Chuo Kikuu cha Winston-Salem State huutumia kama nyumbani. Kona zake hazina mwinamo kama ule unaouona kwenye televisheni kule Daytona, uwanja mkubwa wa mbio wa Florida. Ni bapa kama sinia. Ulijengwa miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, ili watu wapate kazi. Mei 1949 Bill France, mwanzilishi wa NASCAR (shirika kubwa la mbio za magari Marekani), na mwenzake Alvin Hawkins wakaanza kuendesha mbio za kila wiki humo, na hadi leo ikifika Aprili watu wa hapa huzipanga Jumamosi zao kwa kuufuata uwanja huo mpaka Agosti. Kuna madaraja manne: Modified, ambalo ndilo la juu, kisha Sportsman, Street Stock, na la chini kabisa, Stadium Stock, la magari madogo ya silinda nne. Hilo la chini ndilo langu.

Nilihamia hapa mwaka 2011 kutoka Mombasa. Ni fundi wa magari. Kazi yangu ya kila siku gereji ni breki na sospensheni. Jumamosi za kiangazi nilikuwa nikikaa barazani nyuma ya nyumba nasikia injini kwa mbali, na kila mara nilikumbuka Pasaka za nyumbani, redio ya baba ikitangaza Safari Rally. Mwaka 1994 Ian Duncan, Mkenya mwenzetu, aliposhinda na Toyota, nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikimbia mtaa mzima kama niliyeshinda mimi. Hata hivyo miaka kumi na kitu ilipita kabla sijatia mguu Bowman Gray. Sababu nitaisema wazi: niliogopa. Mbio hizi zilionekana kwangu kuwa za watu wengine. Bendera za waliopigania utumwa zilipepea kwenye viwanja vya NASCAR mpaka zilipopigwa marufuku mwaka 2020. Na nilikuwa nimesoma habari za Wendell Scott, dereva mweusi wa Danville, Virginia, si mbali na hapa, ambaye mwaka 1952 aliburura gari lake hadi Winston-Salem akakataliwa kushindana kwa rangi yake tu, akarudi nyumbani na machozi. Scott huyohuyo alikuja kushinda mbio za daraja la juu la NASCAR mwaka 1963.

Aliyenivusha ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye anasoma Winston-Salem State. Chuo hicho cha asili ya watu weusi kina masomo ya usimamizi wa mbio za magari, na Rajah Caruth, aliyeshinda mbio za pikapu za NASCAR kule Las Vegas Machi 2024, alikuwa mwanafunzi wao. "Mjomba," akaniambia, "mimi nasoma na watu wa mbio, wewe unatengeneza magari, na uwanja uko dakika kumi kutoka hapa. Tunangoja nini?"

Mwaka huohuo wa 2024 NASCAR yenyewe ilichukua uendeshaji wa uwanja. Wenyeji wengi walinung'unika, na nawaelewa, maana kitu cha mtaa kikiingia mikononi mwa wakubwa mara nyingi mtaa hausikii tena habari zake. Ikapita miezi ya kelele za mashine. Zikaja taa mpya, ukaja uzio mpya, na ukuta wa nje ukavishwa kinga iitwayo SAFER: mabomba ya chuma ya mraba yaliyounganishwa kama kimiani, na nyuma yake mapande ya povu gumu. Gari likigonga, chuma kinabonyea, povu linasinyaa, na nguvu ya pigo inagawanyika badala ya kumwishia dereva shingoni. Kinga hiyo ilibuniwa na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nebraska, na ilifungwa kwa mara ya kwanza Indianapolis mwaka 2002. Hapa ililetwa kwa ajili ya usiku mmoja wa wakubwa, Februari 2, 2025, mbio za Clash, ambazo NASCAR huzifanya kabla ya msimu wake, mara ya kwanza kwa magari ya daraja lake la juu kukimbia Bowman Gray tangu 1971.

Nilikuwepo usiku ule, baridi ikituchoma, na mpwa wangu kando yangu. Chase Elliott ndiye aliyeshinda baada ya mizunguko 200. Lakini uwanja mzima ulikuwa umemsimamia Tim Brown, bingwa wa Modified mara 12 hapahapa nyumbani, ambaye siku za kazi ni fundi kwenye karakana ya timu moja ya NASCAR. Timu hiyo ikampa gari aendeshe. Hakufanikiwa kuingia fainali, na watu hawakujali. Walisimama wakimshangilia mtu wanayekutana naye dukani. Nilitoka pale nimekata shauri. Fundi akiweza kuingia na gari alilolikaza bolti kwa mikono yake, na mimi pia.

Hapo ndipo nilipokosea, siku ya tatu tu baada ya usiku ule.

Niliona gari linauzwa mji wa jirani, limeshavuliwa vitu vya ndani na kufungwa kizimba cha mabomba cha kumkinga dereva, muuzaji akisema "liko tayari kwa mbio". Bei dola 2,600. Nikalilipa lote taslimu kabla sijafungua kitabu cha kanuni. Kitabu hicho kinapatikana bure, na kila uwanja una chake. Gari lilikuwa limejengwa kwa kanuni za uwanja mwingine kabisa. Kizimba chake hakikufuata vipimo vinavyotakiwa, na tangi la mafuta halikuwa la aina inayoruhusiwa. Kwa hiyo kama utachukua jambo moja tu kutoka kwangu, lichukue hili: pakua kanuni za uwanja wako, za daraja lako, za mwaka huu, zichapishe, kisha nenda nazo mkononi ukatazame gari. Na kabla hujanunua, mpigie simu mkaguzi wa uwanja umuulize. Mimi niliona haya kumpigia kwa sababu ya lafudhi yangu. Nilipompigia hatimaye, alizungumza nami dakika arobaini.

Kizimba kilinifundisha zaidi. Jirani yangu ni Mkongomani wa Uvira, mchomeleaji wa vyuma kwa kazi. Nilimwita aje anisaidie kuongeza bomba la mlangoni. Akazunguka gari na tochi, akapiga magoti, akakwaruza rangi kwa bisibisi kwenye maungio ya mabomba, kisha akanyamaza muda mrefu. "Ndugu yangu," akasema, "hii sudire haiko muzuri. Ni rangi ndiyo inaishika." Uchomeleaji ulikuwa umekaa juujuu, chuma hakikuyeyuka kikashikana na kingine. Tulikata karibu nusu ya kizimba. Mabomba, gesi na kukodi mashine ya kukunja vilinigharimu dola 900, na kazi yake mwenyewe alikataa kulipwa, akataka tu mke wangu ampikie pilau ya Kimombasa familia yake ikafurahi. Wiki sita za jioni zilikwenda hivyo. Aprili ikafika, mbio zikaanza, na gari langu likiwa bado juu ya mawe.

Sasa niseme juu ya vifaa vya mwili, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapojaribu kubana matumizi, na ndipo hapafai kubanwa.

Helmeti ya pikipiki haifai. Nilikuwa nayo nzuri nikadhani itatosha. Inayotakiwa ni yenye alama ya SA ya Snell, shirika linalopima helmeti, ndani yake. Ile ya pikipiki ni M, na tofauti kubwa ni kwamba ya SA hupimwa pia kwa moto. Suti nayo ina daraja zake: ile nyepesi ya tabaka moja, yenye namba 3.2A/1 ya SFI (shirika la viwango vya usalama wa mbio), inakupa takriban sekunde tatu kabla ngozi haijaungua vibaya; ya 3.2A/5 inakupa kama sekunde kumi. Jaribu kufungua mikanda mitano, kutoa wavu wa dirishani na kujipenyeza nje ya kizimba huku umevaa glavu, mtu akikuhesabia. Mpwa wangu alinihesabia. Mara ya kwanza nilifika sekunde ishirini na tatu. Tulirudia jioni baada ya jioni uani mpaka nikashuka chini ya kumi, na watoto wa jirani wakawa wanakuja kutazama wakihesabu kwa sauti, "moja, mbili, tatu," kwa Kiswahili.

Mikanda nilinunua kwanza ya mtumba mtandaoni, dola 70, mipya kwa macho. Mkaguzi akaigeuza akanionesha kibandiko: tarehe ilikuwa imepita. Mikanda ya kawaida ya SFI huhesabiwa miaka miwili tu, kwa sababu jua na jasho hulegeza nyuzi hata kama hujawahi kukimbia nayo. Zile dola 70 nilizitupa. Ukinunua mikanda, soma kibandiko kabla ya kusoma bei.

Na kishika shingo, kile kinachokaa mabegani na kufungwa kwenye helmeti, kinunue hata kama itabidi ungoje mwezi mwingine. Mwaka 2001 Dale Earnhardt, pengine dereva aliyependwa kuliko wote Marekani, alikufa Daytona baada ya kugonga ukuta, fuvu likavunjika kwenye kitako chake. Pigo lenyewe wala halikuonekana kubwa kwa watazamaji. Hakuwa na kifaa hicho shingoni. Mwaka huohuo kikafanywa lazima katika mbio za juu. Changu kilikuwa dola 420, na nilikilipa kwa kumficha mke wangu.

Hilo la kuficha ndilo linaloniuma kuliko pesa. Nilikuwa nikitupa risiti kwenye pipa la gereji. Alijua siku benki ilipotuma taarifa ya akiba iliyokuwa ya mlango wa nyuma na meno ya mtoto. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Bwana, kumbe mimi si mwenzio?" Sikuwa na jibu. Baada ya wiki ile ya kimya nilileta vikaratasi vyote nilivyoweza kuvipata, tukakaa mezani, akanunua daftari akaandika kila senti kwa mkono wake. Ndipo mimi mwenyewe nilipoiona hesabu kwa mara ya kwanza. Trela la mtumba la kubebea gari, dola 1,500, sikuwa nimeliingiza kabisa kwenye mpango wangu. Nilidhani nitakodi, na kukodi kila Jumamosi kungekuwa ghali zaidi. Matairi manane, 760. Usajili na viingilio vyangu na vya wasaidizi wangu, 610. Petroli hatukuandika. Kama una mwenza, ununue daftari siku ile unapolifikiria gari, kabla hujalinunua.

Jambo jingine lisilozungumzwa ni bima. Soma bima yako ya afya. Yangu ilikuwa na kifungu kinachotenga majeraha ya mbio za magari, na sikujua mpaka nilipoletewa ankara. Viwanja huwa na bima ya washiriki, lakini ina kikomo na masharti, na unatia saini karatasi ya kukubali hatari kabla hawajakuruhusu kuingia. Uliza kikomo ni kiasi gani. Hawakuoni mwoga ukiuliza.

Jumamosi yangu ya kwanza ilikuwa Julai. Ukaguzi unaanza mchana. Nenda mapema, kwa sababu ukikutwa na kosa unahitaji muda wa kulirekebisha. Wanapima uzito, wanaangalia mikanda, wavu, tangi, wanapitisha mkono kwenye mabomba. Wanakutaka uwe na redio ya sikio ya kupokea amri za msimamizi, na kifaa kidogo kinachofungwa kwenye gari cha kuhesabia mizunguko. Halafu kuna kikao cha madereva. Kaa mbele, usione aibu. Kila kitu kinasemwa pale: wapi pa kuingilia, bendera ya njano inafanyaje kazi, nani anarudi nyuma akisababisha ajali. Watu walinitazama, ndiyo. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe akanijia moja kwa moja, moyo ukanidunda. Akaniuliza gari langu linazidi uzito upande gani. Sikujua. Akanirudisha kwenye mizani yake mwenyewe, pedi nne chini ya magurudumu, akanionesha kwamba kwa kuwa tunapinda kushoto tu, nilitakiwa kuuhamishia uzito upande wa kushoto kadiri kanuni zinavyoruhusu, na kwamba uzito wa kona kwa kona ukiwa vibaya, gari ama linasukuma mbele na kukataa kupinda, ama mkia wake unatoka. Tukahamisha betri, tukakaza springi moja zamu mbili. Nusu saa tu, na sikumlipa kitu.

Mwenzangu, hakuna kinachokuandaa kwa sauti ya watu pale. Uwanja unachukua watu kama 17,000, na wamekaa karibu nawe mno, njia ikiwa nyembamba chini yao kama bakuli. Wanashangilia na wanazomea kwa moyo wote. Taa mpya zilikuwa zinang'aa mpaka niliona nyufa za lami. Bendera ya kijani ikapeperushwa, na mzunguko wa kwanza sikumbuki chochote ila bampa la gari la mbele yangu.

Kosa lililoniumiza lilikuwa la kazi yangu mwenyewe, na ndiyo maana wahenga walisema mganga hajigangi. Kwenye njia ya mita 400 isiyo na mwinamo, mzunguko mmoja ni chini ya sekunde ishirini, na kila mzunguko unakanyaga breki mara mbili kwa nguvu. Mizunguko kumi na tano ni mara thelathini ndani ya dakika tano. Breki hazipati pumzi. Mimi, ambaye kila siku huwaambia wateja wabadilishe oili ya breki, nilijaza gari langu oili ya kawaida ya DOT 3 kutoka chupa iliyokuwa wazi rafuni tangu mwaka uliopita. Oili ya breki hunywa unyevu wa hewani. DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi. Ikishanyonya maji inaweza kushuka mpaka 140. Ikichemka inafanya mapovu, na mapovu hubonyea; kinachobonyea hakisukumi pistoni. Yote haya nilikuwa nayajua tangu chuo cha ufundi.

Mzunguko wa kumi na moja, naingia kona ya tatu, pedali ikaenda mpaka sakafuni kana kwamba chini yake hapakuwa na kitu. Nikapampu mara moja, mara mbili. Nilikuwa na gari upande wa ndani, sikutaka kumwingilia, basi nikaliacha liende nje. Nakumbuka kuona ule ukuta mpya, rangi yake safi, ukinijia. Kisha kishindo.

Kilichonishangaza ni jinsi ulivyokuwa mlaini kuliko nilivyongoja. Gari liligonga kwa pua na bega la kulia, ukuta ukanyumbuka, likateleza kando yake likasimama. Shingo yangu ilikuwa mahali pake. Kichwa kilirudi kwenye kiti. Kilichovunjika ni kidole gumba cha mkono wa kulia, kwa sababu nilikuwa nimekumbatia usukani, vidole gumba vimepenya ndani ya matundu yake, na magurudumu yalipopigwa usukani ukazunguka nao. Kwa hiyo: endesha vidole gumba vikiwa juu ya usukani, si ndani yake. Na ukijua huwezi kuuepuka ukuta, achia, kunja mikono kifuani. Haya aliniambia daktari na aliniambia yule mzee wa ndevu nyeupe, kwa maneno yanayofanana kabisa.

Nilikaa kwenye gari la wagonjwa nikiutazama ule ukuta kupitia mlango uliofunguliwa. Ulikuwa umejengwa kwa ajili ya magari ya mamilioni, kwa usiku mmoja wa televisheni. Ulinipokea mimi, fundi wa Mombasa na gari la dola 2,600, Jumamosi ya kawaida ambayo hakuna aliyeirekodi. Waliokuwa wakinung'unika juu ya ukarabati, na hata mimi nilikuwa mmoja wao, tuliangalia bango la wakubwa tukasahau kutazama nyuma ya bango kuna nini. Naomba viwanja vidogo vingine vya nchi hii, vinavyofungwa kimoja kimoja, vipate hela za kuta kabla ya hela za vyumba vya wageni mashuhuri.

Ankara ya hospitali ilikuwa dola 1,150, kutoka mfukoni. Matengenezo, 640. Nilisema nimeacha. Jumatatu jioni gari moja likaegesha mbele ya nyumba. Alikuwa yule kijana aliyekuwa upande wangu wa ndani kwenye kona ya tatu. Alileta rejeta na mkono wa sospensheni uliotumika. Akasema aliona kwenye video kwamba nilikuwa na nafasi ya kumwegemea na sikufanya hivyo. Mke wangu akamkaribisha chai na mahamri, akala manne, akaomba ya kumpelekea mama yake. Tangu siku ile kila Jumamosi tunabeba sinia la mahamri na viazi karai mpaka eneo la mafundi. Vyakula vya uwanjani vina sifa yake, hasa ule mkate wa nyama ya bolonya iliyokaangwa, lakini kwetu hauliwi, na watu wamezoea sasa kuja kuuliza, "Leo kuna vile vya pembetatu?"

Tulirudi wiki mbili za mwisho za Agosti. Safari hii oili ilikuwa DOT 4 ya chupa mpya, iliyofunguliwa asubuhi ileile. Mpwa wangu aliandika tarehe ubavuni mwa chupa kwa kalamu ya wino mzito, na sasa gereji nzima tunafanya hivyo hata kwa magari ya wateja. Tulikata matundu mbele na kuvuta mabomba mawili ya hewa kuelekea kwenye diski. Nikajifunza pia kuachia mafuta mapema kabla ya kona badala ya kukanyaga breki kwa kuchelewa. Unapoteza kidogo mwanzoni, lakini mizunguko mitano ya mwisho una breki na wenzako hawana. Usiku wa mwisho nilimaliza wa kumi na nne kati ya ishirini na mbili, gari zima, bampa lote mahali pake. Jirani yangu wa Uvira alikuwa amekaa juu na familia yake yote, na nilipopita mbele yao kwenye bendera ya mirabaraba ya kumalizia niliwaona watoto wamesimama juu ya benchi wanapunga.

Kwa wale vijana wawili wenye arubuni: mkitaka, njooni nyumbani na hayo magari, au afadhali na picha zake tu. Nina kitabu cha kanuni, tochi, na jirani mwenye bisibisi ya kukwaruzia rangi. Gari langu liko chini ya turubai mpaka Aprili. Mke wangu ameshaanza ukurasa mpya wa daftari, na mstari wa kwanza ameuandika yeye, bila mimi kumwambia: "Mikanda, mwisho Machi." Kando yake ameacha nafasi ya bei.